Zulia la Mkono Linapokutia Shaka: Dalili, Sababu na la Kufanya

Nyumba za kale za Unguja na Pemba bado zina mazulia ya mkono. Majahazi ya Ghuba yalikuwa yakija na upepo wa kaskazi, yakiteremsha tende, masanduku na mazulia, na mazulia hayo yamerithiwa kutoka bibi hadi mjukuu. Leo mengine yamekunjwa juu ya makabati, mengine yamesukumwa chini ya vitanda, na mengine yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe ameona ndani yake kitu anachokiita kasoro. Kisha mtu huyohuyo anakwenda dukani, anatoa pesa nzuri kwa zulia la mashine kwa kuwa limenyooka na halina mstari hata mmoja.

Jambo hili linaniuma. Nyingi katika dalili zinazowatisha watu ni alama za mkono wa mfumi. Maradhi yanayoliua zulia kwetu visiwani, kwa upande mwingine, huyaoni ukilitazama kwa juu. Basi nimezipanga dalili jinsi watu wanavyoniuliza, na kila moja nimeiwekea sababu zake na namna ya kuzitenganisha.

Tafuta mwanga wa mchana, kitambaa cheupe cha pamba, maji kidogo, futi ya fundi cherehani, sindano, na simu yenye kamera inayovuta karibu. Kibiriti kiwe pembeni. Kina kazi yake, lakini si kwenye zulia la mtu bila ruhusa.

Ujue pia zulia limejengwaje. Nyuzi za mtande zinakwenda urefu. Hizo mfumi huzitanda kwanza. Juu yake hufungwa mafundo, moja moja, kila fundo likikamata nyuzi mbili za mtande, na ncha za fundo ndizo manyoya tunayokanyaga. Safu ya mafundo ikiisha, mshindio hupitishwa kwa mapana na kugongwa kwa kitana kizito mpaka safu ikaze. Mafundo yako namna mbili. La Kituruki huzunguka nyuzi zote mbili za mtande. La Kiajemi huzunguka mmoja na kupita nyuma ya wa pili tu. Yote mawili ni kazi halali, na asikwambie mtu kwamba moja ni bandia ya jingine.

Mgongoni kuna kitambaa

Anza hapa, maana swali hili likijibiwa mengine huenda yasiwe na haja. Katika duka moja la Mji Mkongwe niliwasikia mama mtu mzima na kijana muuzaji:

"Mwanangu, hili la mkono?"

"La mkono, mama. Linyanyue uone lilivyo zito."

"Nataka kuliona mgongoni."

"Mgongoni kuna kitambaa tu, mama. Cha kulinda."

"Kinalinda nini?"

Swali zuri mno. Kitambaa kile kinafunika gundi. Zulia la namna hii hutengenezwa kwa bunduki ya kusukumia nyuzi: turubai huwambwa kwenye fremu, nyuzi zikapigwa ndani yake, mgongo ukapakwa gundi ya mpira, na kitambaa kikabandikwa juu kuficha kazi. Bunduki inashikwa kwa mkono, kwa hiyo muuzaji akisema "la mkono" anaweza kujitetea. Lakini hakuna fundo hata moja pale. Nyuzi zimeshikwa na gundi, na gundi hiyo haipendi joto wala unyevu wetu. Ikizeeka hukauka, hupasuka na kugeuka unga.

Basi ukiinua zulia nyumbani ukakuta unga wa manjano au mweupe sakafuni, na chumba kinanuka mpira siku za joto, chanzo ni hicho. Hakuna dawa. Kulifua kunaharakisha tu.

Zulia la mafundo huwa na mgongo wazi. Ua unaloliona juu unaliona na chini, rangi kwa rangi.

Matamvua yameshonwa

Matamvua ya zulia la mkono ni ncha za mtande wenyewe. Ufuate uzi mmoja wa tamvua kwa sindano, utauona unaingia chini ya safu ya kwanza ya mafundo na kuendelea ndani. Ukikuta utepe wenye matamvua umeshonewa ukingoni kwa cherehani, shuku mashine.

Shuku, lakini usihukumu bado. Zulia la kale lililokanyagwa miaka mingi hupoteza matamvua yake, na wapo mafundi wanaoshonea mapya kuficha kuchakaa. Nazo mashine siku hizi huacha ncha za mtande zitokeze, zikafungwa vifundo vizuri kabisa. Rudi mgongoni ukaamue huko.

Ua linaonekana mgongoni, lakini limenyooka mno

Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu mashine nzuri huonyesha ua lake mgongoni pia.

Vuta kamera ya simu karibu na mgongo, utazame eneo la ukubwa wa kiganja. Mgongo wa mkono una maisha. Vinundu havilingani sawasawa, mshindio umenenepa hapa na kukonda pale, safu inapanda kidogo kisha inashuka. Linganisha ua la pembe ya kulia na mwenzake wa kushoto: utakuta moja lina jani lililokosa ncha, au fundo la kijani limeingia mahali pa buluu. Mgongo wa mashine una safu zilizopigwa rula mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi mshindio wa juti au wa uzi mweupe wa plastiki unaong'aa.

Kama bado huna uhakika, likunje zulia manyoya yakiwa nje, yafunguke mpaka uone shina. Kwenye fundo la kweli utaona uzi umejizungusha kwenye mtande, umeacha kijipete kidogo chini ya manyoya. Kwenye kazi ya mashine ya kawaida uzi umepita tu chini ya mshindio na kupanda juu tena, haukufungwa. Tia ncha ya sindano uuvute: wa mashine huteleza ukatoka, wa fundo hukataa.

Usipotezwe na namba. Mazulia ya mashine kutoka Irani huuzwa kwa shana: 700, 1,000, 1,200. Mnunuzi akisikia "hili la elfu moja na mia mbili" hudhani ni mafundo. Namba hiyo inataja wingi wa nyuzi katika mita moja ya upana wa zulia la mtambo, na ni kipimo kizuri kwa mazulia ya mashine peke yake. Vilevile "limetoka Kashan", mji wa Irani wenye sifa ya mazulia, haitoshi. Ufundi wa kufuma mazulia wa Kashan uliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, na Kashan hiyohiyo ina viwanda vikubwa vya mazulia ya mashine. Mtu anaweza kukuapia kwa haki kabisa kwamba zulia lake limetoka huko, na likawa halikuguswa na mfumi.

Mkanda wa rangi umekatiza

Zulia ni jekundu, lakini katikati pana mkanda wa wekundu uliofifia, unaokwenda mapana, kisha rangi inarudi kukolea. Mwenye nyumba anasema limefuliwa vibaya. Mnunuzi anaomba apunguziwe.

Sababu ni kwamba mfumi aliishiwa na sufu ya dumu moja la rangi akaanza sufu ya dumu jingine. Rangi za kuchemshwa kidogo kidogo, za mizizi, maganda ya komamanga au nili, hazitoki sawa mara mbili. Mkanda huo hufuata safu za mafundo, huanza ghafla kwenye safu fulani, na mgongoni unaonekana vilevile. Doa la maji huenda linakotaka wala halijali safu. Jua hupausha juu na kuacha mgongo ulivyokuwa. Kwa hiyo geuza tu, utapata jibu.

Wapenzi wa mazulia ya kale huutafuta mkanda huu, na viwanda vimeshajua hivyo, vinauiga. Wa kuiga hujirudia: ukiona mkanda uleule, upana uleule, upande wa pili wa zulia, ni mashine.

Halikai mstatili, pembe zinajikunja

Pima upana wa ncha zote mbili. Tofauti ya sentimita chache kwenye zulia la mita tatu ni kawaida, hasa kazi ya wafugaji wanaohamahama, ambao hufumua kitanda cha kufumia wakahama nacho kabla kazi haijaisha. Mtande hukazwa upya, na mkazo haurudi uleule. Pembe zinazojikunja kwa ndani husababishwa na ukingo uliokazwa kupita kiasi. Fundi anaweza kulirudisha kwa kulilowesha na kuliwamba.

Lililovimba katikati kiasi cha kumkwaa mtu ni habari nyingine. Hilo liache dukani.

Tazama pia kama pindo la maua lipo pande zote nne. Likikosekana upande mmoja, zulia limekatwa ili kuondoa sehemu iliyoharibika. Linaweza kufaa nyumbani, lakini bei ya zulia zima haistahili.

Rangi inachuja

Kila mwanamke wa Kizanzibari ameshaona khanga ikichuja, na zulia huchuja vivyo hivyo. Lowesha kitambaa cheupe, kikamue, kisugue kwenye rangi moja moja: wekundu peke yake, buluu peke yake, nyeusi peke yake. Rangi kidogo ya buluu iliyokolea isikutie hofu, maana nili huacha vumbi lake juu. Wekundu ukitoka sana, sababu ziko tatu.

Ya kwanza, rangi dhaifu. Rangi za kemikali zilianza kuenea baada ya mkemia Mwingereza William Henry Perkin kugundua ya kwanza mwaka 1856, na nyingi za mwanzo zilizofika kwa wafumi wa Mashariki hazikuvumilia maji wala jua. Zilizokuja baadaye, katika karne ya 20, ni imara zaidi. Kwa hiyo rangi ya kemikali peke yake si tusi. Swali ni kama imeshika.

Ya pili, zulia jipya ambalo halikusuuzwa vya kutosha lilipotoka kwa mtia rangi. Hili hutibika kwa mtu anayejua kazi.

Ya tatu ni udanganyifu. Zulia likiisha manyoya, mtande mweupe huanza kuonekana, na wapo wanaoupaka wino au rangi ya nywele. Fungua manyoya kwa vidole. Ukiona rangi imekaa juu ya pamba ya mtande, na si ndani ya mafundo tu, limepakwa. Hapo kitambaa chako kitakuwa kimeshatoka cheusi au chekundu.

Zulia lililokwisha kuchujia kwenye nyeupe yake, wekundu umetambaa ukawa wa waridi, mara nyingi limeloweshwa likaachwa likauke polepole. Usiliache zulia lenye maji mahali pasipo na upepo. Likilowa, lisimamishe au litundike, maji yatoke haraka.

Ncha zimepauka, ndani rangi imekolea

Fungua manyoya utazame kuanzia ncha hadi shina. Rangi ikipauka taratibu, ni jua na umri. Ikibadilika ghafla, ncha za kijivu na shina la zambarau kali, ni rangi dhaifu iliyokufa juu ikabaki chini.

Ikiwa zulia zima lina umanjano wa chai, na hata matamvua yana rangi hiyohiyo ya kahawia, limezeeshwa kwa makusudi. Huoshwa kwa dawa kali au huloweshwa kwenye chai ili lionekane la babu. Dawa hizo hula sufu, na zulia la namna hiyo huchakaa upesi. Uzee wa kweli haulingani: pale watu walipopita pamekonda, pale palipokuwa na kabati manyoya yamesimama bado.

Linang'aa, wanasema hariri

Mng'ao hauthibitishi hariri. Nyuzi za viskosi, ambazo hutengenezwa kwa selulosi ya miti, na pamba iliyotiwa dawa ya kung'arisha, hung'aa kuliko hariri yenyewe, na mng'ao wake ni mweupe wa kioo upande wowote utakaosimama. Hariri hubadilika. Simama kichwani mwa zulia, kisha zunguka usimame miguuni: rangi itakolea upande mmoja na kung'aa upande wa pili.

Sugua kwa kiganja sehemu moja mfululizo. Hariri na sufu hupata joto la wazi. Nyuzi za miti hubaki baridi. Kisha tumia kibiriti, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chomoa nyuzi mbili tatu za manyoya, si za tamvua, kwa sababu tamvua linaweza kuwa hariri na manyoya yakawa kitu kingine, au kinyume chake. Zichome mbali na zulia. Hariri na sufu hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Viskosi na pamba huwaka upesi na kunuka karatasi. Plastiki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Zulia la Kituruki kutoka mji wa Kayseri huja kwa hariri na huja pia kwa hiyo hariri ya bandia, ambayo wafanyabiashara wa huko huiita flosi. Yote mawili hufungwa mafundo kwa mkono. Kwa hiyo unaweza kuwa na kazi ya mkono kweli, nzuri, na bado ukawa umetozwa bei ya hariri kwa nyuzi za miti. Mazulia ya Kashmir nayo yanahitaji jaribio hilohilo. Na neno "Hereke", jina la mji wa Uturuki unaosifika kwa mazulia ya hariri, likifumwa pembeni lisikutoshe, kwani China imefuma mengi ya hariri yenye jina hilo.

Manyoya yanatoka

Zulia jipya la sufu hutoa vumbi la nyuzi fupi miezi ya mwanzo. Lifagie kwa ufagio laini, kufuata uelekeo wa manyoya, litatulia.

Lisipotulia, kwaruza kwa kucha. Yakitoka manyoya makavu, mafupi, yasiyo na mafuta, sufu ni ya kondoo wa machinjio, iliyotolewa ngozini kwa chokaa. Sufu hiyo imekufa kabla ya kufumwa, haishiki rangi vizuri wala haivumilii miguu. Sufu hai ina utelezi kidogo mkononi, ukiifinya inarudi juu.

Kukiwa na mahali penye upara, tazama umbo lake. Njia ya kupita watu hukonda kwa pamoja. Nondo hufanya kinyume: hula palipofichika, chini ya kitanda au nyuma ya sanduku, na huacha mtande umebaki safi, kwa sababu kiwavi wake anataka sufu na pamba haitaki. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando na vijipunje vya mchanga, wapo. Wengi wetu tunatia karafuu ndani ya zulia lililokunjwa, na harufu yake ni nzuri, lakini karafuu haziui mayai. Lipige zulia pande zote mbili, lianike mgongo juu, na dogo unaweza kulifunga vizuri kwenye nailoni ukalitia ndani ya friza wiki mbili. Litoe, uliache lipate joto ndani ya nailoni yake, ndipo ulifungue.

Jina, tarehe na hesabu ya mafundo

Jekundu lenye maua ya pembe nane yaliyopangwa safu kwa safu huitwa Bukhara kila mahali. Bukhara ulikuwa mji wa soko. Maua yale asili yake ni ya Waturukimeni, na mengi yanayouzwa leo kwa jina hilo yamefumwa Pakistani. Ni ya mkono, ni laini, na yana thamani yake. Usilipie tu umri na asili ambavyo hayana.

Saini iliyofumwa ukingoni isikutoe kwenye mstari. Majina ya wafumi mashuhuri wa Irani, Seirafian wa mji wa Isfahan na Habibian wa mji wa Nain, yanapandisha bei mno, na kwa sababu hiyo yameigwa mno. Kazi itazamwe kwanza. Kwa mazulia ya Nain muulize muuzaji ni la ngapi: 9, 6 au 4. Namba hiyo inahesabu nyuzi zilizosokotwa kufanya uzi mmoja wa mtande, kwa hiyo ndogo ndiyo bora, kinyume na watu wanavyodhani.

Tarehe zinatufaa sisi kuliko wageni, kwa kuwa tarakimu za Kiarabu tunazisoma tangu chuoni. Kufuma tarehe ni desturi ya kale. Zulia la Ardabil, zulia maarufu la Irani lililoko London, lina mwaka 946 Hijria, yaani 1539 hadi 1540. Mitego iko miwili. Irani ya karne ya 20 ilihamia mwaka wa jua. Ukisoma ١٣٤٥ (1345) kwa mwezi unapata 1926, kwa jua unapata 1966, na hiyo ni tofauti ya miaka 40. Mtego wa pili ni meno ya tarakimu: toa jino moja la ٣ (tatu) nayo imekuwa ٢ (mbili), na zulia limezeeka miaka mia kwa mafundo machache. Geuza utazame nyuma ya tarehe. Mafundo yaliyotiwa baadaye yana rangi mpya na hayakubanwa sawa na jirani zake.

Mafundo yahesabu mgongoni. Weka futi, hesabu vinundu katika sentimita moja kwa mapana, kisha kwa urefu, uzidishe. Angalia vizuri: katika mazulia mengi fundo moja huonekana kama vinundu viwili vya rangi moja vilivyoketi pamoja. Ukivihesabu kila kimoja utakuwa umelizidisha zulia mara mbili, na wauzaji wanalijua hilo. Tano kwa tano ni mafundo 250,000 katika mita moja ya mraba. Zulia la mita 2 kwa 3 basi lina 1,500,000. Mfumi mzoefu akifunga 8,000 kwa siku, hiyo ni kazi ya zaidi ya siku 180 za mtu mmoja, bila kuhesabu sufu, rangi na safari. Ukitajiwa bei ya zulia la mashine kwa kazi ya namna hiyo, kuna kitu hujaambiwa.

Lakini mafundo mengi hayaokoi sufu mbovu. Kati ya zulia la mafundo machache lenye sufu hai na la mafundo mengi lenye sufu ya machinjio, ningechukua la kwanza bila kusita.

Linalia ukilikunja

Hili nimelitenga kwa sababu ni letu. Miongozo iliyoandikwa katika nchi kavu hulipitia haraka, na huku ndilo linaloua mazulia mazuri kuliko nondo, watoto na chai vikijumlishwa.

Zulia linaonekana zima. Manyoya yamejaa, rangi ziko hai, ua limekamilika. Unalishika kwa mikono miwili, unalikunja manyoya yakiwa ndani, unafinya kwa upole karibu na sikio, na linalia kama majani makavu ya mgomba yanayokanyagwa. Hizo ni nyuzi za mtande zinakatika. Ukifinya zaidi, zulia litapasuka mstari ulionyooka.

Sababu ni ukungu. Mtande na mshindio wa mazulia mengi ya mjini ni pamba, na ukungu hula pamba kabla haujaigusa sufu. Nondo hula sufu akaacha pamba. Ukungu hula pamba ukaacha sufu. Ndiyo maana zulia lililooza hupendeza macho. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hunyonya maji ya ardhini yakapanda ukutani. Vyumba vya chini havikauki masika yote. Zulia lililotandikwa juu ya saruji hapo, au lililowekewa chungu cha maua, au lililofungwa kwenye nailoni likasukumwa juu ya kabati likiwa na unyevu, huoza kimya kimya. Harufu ya uvundo ni onyo la mapema. Zulia linalonuka bado linaweza kuponywa. Linalolia, sehemu ile imekwisha.

Jaribu mahali pengi, usitosheke na pembe moja. Pembeni, katikati, na hasa pale mgongo ulipobadilika rangi ukawa wa kijivu au una madoa ya duara. Kama uozo uko mahali pamoja, fundi anaweza kukata sehemu hiyo, kutanda nyuzi mpya na kufunga mafundo upya. Ni kazi ndefu na ghali, na hufaa kwa zulia la thamani tu. Ukienea, zulia lisifuliwe wala lisipigwe fimbo, kwa sababu litasambaratika. Litundike ukutani, juu limeshonewa kitambaa chenye nguvu kinachobeba uzito, au kata vipande vizima ufanye mito. Kulibandika gundi mgongoni ni kumtengenezea mnunuzi mtego, na gundi huzuia hewa na kuzidisha uozo.

Kwa lile lililo zima, liinulie sakafu. Tandika chini yake mkeka wa ukindu au kitambaa kinachopitisha hewa, usitumie nailoni. Kila baada ya masika na vuli ligeuze, lipate jua la asubuhi mgongoni nusu siku, kisha kivuli chenye upepo. Likiwa la kuwekwa, liviringishe badala ya kulikunja, ulifunge shuka ya pamba, na liwe mbali na ukuta wa nje. Zulia la urithi lililofungwa miaka mingi usilikunjue kwa nguvu siku ya kwanza. Lifungue kidogo kidogo, usikilize, na ukisikia linalia simama hapohapo, litelezeshe juu ya shuka na ulibebe na shuka yake.